Heda Isipotosha: Kuipatia Ekzosi Nafasi Bila Kuharibu Gari



Ukurasa huu umezoea kuongea juu ya ng'ombe wa maziwa, matangi ya maji na vitabu vya hesabu. Safari hii tunaingia chini ya gari. Vikundi vingi upande wetu wa Gakindu na Mukurwe-ini vinategemea pikapu moja, iwe ni ya kikundi chenyewe au ya mwanachama anayewabebea wengine mizigo. Gari kama hiyo ikilala siku mbili mnajua wenyewe mambo yanakuwa namna gani. Maziwa hayangoji, na kahawa iliyochumwa leo inatakiwa ifike fakitori leo.

Tunaandika kwa sababu ya yaliyotupata sisi wenyewe. Tungependa kikundi kingine kisilipe karo ya somo hili mara ya pili.

YALIYOTUPATA

Pikapu yetu ni ya petroli, silinda nne, na imepanda na kushuka hivi vilima miaka mingi. Msimu mmoja wa mvua ndefu manifodi ya ekzosi ilipasuka. Manifodi ni kile kipande cha chuma kilichofungwa ubavuni mwa injini, kinachopokea moshi kutoka kila silinda na kuuingiza katika bomba moja linaloenda kwa silensa. Yetu ilikuwa ya chuma cha kumiminwa, ile mafundi huita kasti. Ufa wake ulianza kwa mlio mdogo wa ti-ti-ti asubuhi kabla injini haijapata moto. Tukaunyamazia. Baada ya mwezi mmoja gari ilikuwa inasikika ng'ambo ya mto.

Kamati ikatuma watu wawili mjini kutafuta nyingine. Ya kasti haikupatikana. Mwenye duka la spea akawaonyesha heda mpya, mabomba manne yaliyopindwa vizuri, akasema ni ya injini hiyo hiyo. Na kwa haki hakudanganya, injini ilikuwa hiyo hiyo. Jambo ambalo watu wetu hawakuuliza, wala yeye hakulisema, ni kwamba heda ile ilitengenezewa magari ya nchi ambazo usukani uko kushoto. Sisi Kenya usukani uko kulia, na katika gari yetu manifodi nayo iko kulia. Basi pale ambapo aliyeichora heda aliona uwazi mtupu, sisi tuna shafti ya stering, silinda kuu ya breki na paipu zake.

Fundi wa kwanza alihangaika nayo kutwa. Saa kumi na moja jioni akachukua nyundo, akaigonga ikiwa baridi pale ilipogusa, akaifunga, akasema, "Imeingia." Kweli ilikuwa imeingia. Tukalipa. Siku ya pili dereva akasema ati akikata kona ya kulia anasikia mkwaruzo kwenye usukani. Tukamwambia huo ni ugeni wa kitu kipya, kitazoea. Maneno hayo yako katika kitabu chetu cha mikutano mpaka leo, na bado yanatuaibisha.

Wiki ya tatu, dereva akiteremka na maziwa kuelekea mtoni, breki ilizama mpaka chini bila kushika. Alirudisha gia mpaka ya kwanza, akailaza pikapu kwenye ukingo wa barabara upande wa mlima. Mitungi ya maziwa ilimwagika. Akina mama wawili waliokuwa nyuma walichubuka mikono, na mmoja wao hakupanda gari tena mpaka Krismasi. Upande wa pili wa barabara ile ni bonde tupu.

Tulipofungua boneti tuliona paipu ya breki imelala karibu na bomba la silinda ya nne, nafasi kama unene wa ukucha. Mafuta ya breki yalikuwa yamechemka ndani ya paipu. Mafuta ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya hayatakiwi kuchemka chini ya nyuzi 205 za Selsiasi. Lakini yana tabia ya kunywa unyevu wa hewa, na yakishalowa kiwango hicho hushuka hadi nyuzi 140. Bomba la heda, gari ikipanda na mzigo, hupita joto hilo mara mbili na zaidi. Mafuta yakichemka hutoa mvuke, na mvuke hukandamizika, kwa hivyo mguu unakandamiza mvuke na breki haisukumwi. Yakishapoa breki inarudi vile vile kama zamani. Ndiyo maana jioni ile ile mtu mmoja alijaribu gari na kusema dereva alikuwa amelala. Tulimwomba dereva msamaha mbele ya mkutano.

HEDA NI KITU GANI HASA

Kwanza tusichanganye maneno. Hedi ni kile kichwa cha injini chenye valvu. Heda ni haya mabomba yanayofungwa kwenye hedi mahali pa manifodi.

Injini ya silinda nne hutoa moshi kwa zamu. Katika magari mengi ni silinda ya 1, kisha ya 3, kisha ya 4, kisha ya 2. Katika manifodi fupi ya kasti, moshi wa silinda moja unaweza kuusukuma nyuma ule wa jirani yake. Heda humpa kila mmoja bomba lake, urefu ukikaribiana, ndipo yaungane huko mbele. Injini inapumua vizuri, hasa ikizunguka kwa kasi. Ndiyo sababu magari ya mashindano huwa nazo. Watu wa rika letu wanakumbuka Safari Rally ikipita pande hizi za Mlima Kenya. Peugeot 504 ilishinda mwaka 1975, na ndugu yake mwenye injini ya V6 akashinda 1978, na kutoka hapo kila kijana aliyekuwa na pikapu ya Peugeot alitaka ilie kama ile.

Kwa pikapu ya maziwa inayopanda kwa gia ya pili, tuseme ukweli, faida ni kidogo sana. Anayekuuzia heda kwa maneno ya nguvu na kupunguza petroli, muulize kwanza kama amewahi kubeba mitungi kutoka kule chini mtoni. Sisi tuliweka heda kwa kuwa ndiyo ilipatikana.

Na ina gharama zake. Kasti ni nene na imejikunja karibu na injini. Heda ni bomba jembamba linalotanuka kwenda nje, chini na nyuma kabla ya kukutana na mengine, na hutupa joto lake kwa chochote kilicho karibu. Itagusa chesisi, au shafti ya stering, au starta, au oili filta, au kofia za plagi, au sakafu ya gari. Kila gari ina mahali pake, kwa hivyo hatutataja aina ya gari yetu. Mwenye gari nyingine angefuata vipimo vyetu akose, halafu atulaumu.

NAFASI YA GARI ILIYOLALA

Hapa ndipo tuliposhindwa sisi na fundi wa kwanza pamoja. Tulitazama heda gari ikiwa imezimwa, baridi, kwenye uwanja tambarare. Tukaona upenyo mdogo wa mwangaza kati ya bomba na stering, tukaridhika. Lakini injini haikai pale unapoiona.

Injini imeketi juu ya mipira, ile mauntingi. Dereva akikanyaga petroli akiwa na mzigo, injini nzima pamoja na giaboksi hujipinda kinyume cha mzunguko wa propela shafti. Kwa magari mengi ya injini iliyolala kwa urefu, yenye kuvutwa na magurudumu ya nyuma, ukipanda mlima upande wa kulia wa injini unashuka na wa kushoto unainuka. Ukiweka rivasi inageuka, kulia kunainuka. Kwa hivyo heda isiyogusa kitu unapokwenda mbele inaweza kugonga unaporudi nyuma, na kinyume chake. Mipira ikiwa imechoka au imelowa oili, mchezo huo unakuwa mkubwa zaidi.

Halafu kuna joto lenyewe. Chuma kikipata moto kinarefuka. Kipande cha bomba la chuma chenye urefu wa sentimita 70, joto lake likipanda kwa nyuzi 500, hurefuka kama milimita 4. Milimita 4 zinaonekana kama si kitu mpaka ukumbuke kwamba sisi tulikuwa tumeridhika na nafasi ya milimita 2.

Fundi aliyetuokoa ni mzee wa hapa Gakindu ambaye vijana wa gereji humwita Guka, na sisi tutamwita hivyo hivyo. Mweka hazina wetu alimwendea na bahasha mkononi, akiwa amekata tamaa.

"Guka, si tununue ingine tu? Hii imetaka kutuulia watu."

"Wacha kwanza, mama. Hiyo pesa rudisha kwa sanduku. Bado hatujaiuliza hii inaumia wapi."

Namna yake ya kuiuliza ilikuwa hivi. Aliifunga heda kwa gasketi yake, kwa sababu gasketi nayo ina unene na inasogeza kila kitu. Akakaza nati zote kwa wastani akianzia za katikati kwenda pembeni. Bomba la kwenda kwa silensa aliliacha limelegea. Akamtuma kijana jikoni kwa mama wa hoteli kuomba donge la unga wa chapati uliokandwa. Akabandika vidonge vya unga kila mahali heda ilipokaribiana na kitu: kwenye shafti ya stering, chesisi, starta, paipu ya breki. Akapaka bomba mafuta kidogo pale lilipoelekeana na unga, usinate.

Kisha, injini ikiwa imezimwa, alichukua mtaimbo na kipande cha mbao, akaiegemeza injini na kuisukuma upande mmoja mpaka mipira ikakataa, halafu upande wa pili. Kijana mwingine akazungusha usukani kutoka mwisho wa kushoto hadi mwisho wa kulia, mara mbili. Usukani huu ni lazima, kwa sababu shafti ya stering ina viungo na bolti zinazotokeza, na bolti moja ikiwa juu unaona nafasi, ikizunguka chini inakwaruza. Huo ndio uliokuwa mkwaruzo wa dereva wetu.

Baadaye alitoa vidonge kimoja kimoja na kupima unene uliobaki kwa rula. Palipobaki unga mwembamba kama chapati ndipo penye shida, na palipobaki kidonge kizima hapana haja ya kuguswa. Ilichukua saa moja na haikugharimu kitu ila unga.

Kipimo chake ni hiki, nasi tumekichukua. Kati ya bomba na chuma kisichoogopa moto, kama chesisi, abaki na upana wa kidole kidogo, yaani milimita 12 hivi, baada ya kusukuma injini. Kwa shafti ya stering anataka hivyo hivyo au zaidi. Kwa kitu chenye mpira, plastiki au mafuta ndani yake anataka vidole viwili vya mtu mzima, na bado anaweka bati la kukinga.

KABLA HUJASHIKA NYUNDO

Kwa wengi hamu ya kwanza ni kugonga. Guka alianza na mauntingi. Ule wa upande wa heda ulikuwa umekwisha kabisa, injini imelala kulia kwa karibu sentimita nzima. Akabadilisha yote miwili, maana mmoja mpya na mmoja mzee hazikai sawa. Heda ikainuka na kujitenga na chesisi bila kuguswa na nyundo. Nusu ya taabu yetu ilikuwa mauntingi wa miaka mingi, na tulikuwa tumeilaumu heda peke yake.

Jambo la pili ni lile bomba alilolilegeza. Mara nyingi bomba la silensa ndilo linaloivuta heda kando, kwa sababu limekatwa fupi au hanga zake zimefungwa mahali pabaya. Iache heda ikae inavyotaka, kisha lilete bomba kwake.

La tatu, hamisha kile kinachoweza kuhama. Waya wa starta unaweza kupitishwa upande mwingine na kufungwa kwa kibanio cha chuma. Paipu ya breki yetu ilitolewa, ikatengenezwa mpya kwa njia nyingine, mbali na mabomba, na kufungwa kila baada ya hatua fupi isitetemeke. Hapo tuwe wakali kidogo: paipu ya breki hutengenezwa kwa bomba la breki lenye midomo iliyopanuliwa kwa chombo chake. Tumewahi kuona paipu ya shaba ya maji ikitumika. Usikubali, hata kama fundi ni shemeji yako. Na mfumo ukifunguliwa, mafuta mapya yawekwe na hewa itolewe magurudumu yote manne.

Baada ya hayo matatu yalibaki maeneo mawili tu. Moja lilikuwa dogo, bomba la silinda ya tatu karibu na shafti. Hapo ndipo nyundo ilipoingia, lakini kwa adabu. Guka alitoa heda kabisa, akaifunga kwenye jiriwa, akapasha sehemu ile kwa gesi mpaka ikawa nyekundu kama cheri ya kahawa, kisha akaweka chuma cha mviringo juu yake na kukigonga polepole, akafanya bonde refu lisilo na kina. Fundi wa kwanza alikuwa ameigonga baridi kwa ncha ya nyundo, ikawa shimo fupi lenye kona, na kona ile ilikuwa imeanza kupasuka.

Watu huogopa kwamba kubonyeza bomba kutaziba injini pumzi. Tufanye hesabu. Bomba la kipenyo cha milimita 38 ukilibonyeza kwa sehemu moja ya kumi ya kipenyo, yaani karibu milimita 4, unapoteza kama sehemu moja ya ishirini ya njia ya moshi. Hutajua. Ukilibonyeza kwa robo ya kipenyo unapoteza karibu sehemu moja ya tano, na hapo injini itaanza kusikia. Kwa hivyo ukihitaji zaidi ya milimita chache, acha kubonyeza, kata na uchomelee upya.

Eneo la pili lilihitaji hivyo. Bomba la nne lilikatwa kwa msumeno kabla ya kona yake, likazungushwa kidogo na kuchomelewa tena. Hatari ya kazi hii iko kwa moto: ukichomelea heda ikiwa huru, ile sahani yake inayokaa kwenye hedi hujikunja, na ukiifunga itavuja daima. Guka ana hedi kuukuu ya injini kama yetu, ambayo ni takataka kwa mtu mwingine. Alifunga heda kwa hiyo hedi, nati zote, ndipo akachomelea, akaiacha ipoe hapo hapo. Fundi asiye na hedi kuukuu anaweza kutumia sahani nene ya chuma iliyotobolewa kwa matundu yale yale. Baadaye aliisugua kwa tupa na kuweka rula ya chuma juu yake dhidi ya mwanga, mpaka mwanga haukupita.

Kuna wengine huinua injini kwa kuweka vipande vya chuma chini ya mauntingi. Inafanya kazi, lakini tazama itakayofuata: feni inasogea kwa radieta au kifuniko chake, propela shafti inabadilisha pembe na kuanza kutetema, gia lever inagusa sakafu. Unatatua kero moja na kununua tatu. Sisi tungeiweka mwisho wa orodha.

Na yako mambo ambayo hayafanywi kabisa. Chesisi haikatwi. Shafti ya stering haisuguliwi kwa grainda ipungue, wala starta haigongwi nyumba yake. Fundi akianza kutazama stering kwa jicho la grainda, kunja heda yako urudi nyumbani.

JOTO NA MOSHI

Kwa paipu ya breki na waya wa starta tuliweka kinga ya bati. Bati lisiguse bomba wala kile linachokinga. Linataka hewa pande zote mbili, kama sentimita moja, kwa kuwa hewa hiyo ndiyo inayobeba joto kwenda zake. Bati lililobanwa kwenye waya linakuwa pasi ya nguo.

Wengine huzungushia heda utepe wa kitambaa cha moto. Unapunguza joto chini ya boneti, hatukatai, lakini kwa barabara zetu za matope unashika maji na chumvi, na bomba la chuma cha kawaida linaoza chini yake bila kuonekana. Kamba au kitambaa kizee cha asbesto msitumie, hata mkipewa bure. Vumbi lake linaleta saratani ya mapafu.

Juu ya moshi lazima tuseme wazi. Ekzosi inayovuja karibu na injini huingiza hewa chafu kwa kabini kupitia matundu ya pedeli na gia. Ndani yake mna kaboni monoksaidi, ambayo haina harufu wala rangi, na hushika damu mahali pa oksijeni. Dereva anaumwa kichwa, anasinzia, anafikiri ni uchovu. Kwa pikapu zenye turubai nyuma, wanaokaa ndani ya turubai, na mara nyingi ni watoto wa shule, huwa katika hali mbaya zaidi. Kwa hivyo heda ikishafungwa, washeni injini ikiwa baridi, mtu mmoja azibe mdomo wa silensa kwa kitambaa kinene kwa sekunde chache tu, na mwingine asikilize viungo. Paka maji ya sabuni kwenye viungo kabla havijapata moto. Povu litaonyesha. Fanyieni kazi hii nje, kamwe si ndani ya stoo iliyofungwa.

Silensa nayo ibaki. Heda yenye bomba wazi inaleta kelele, inaleta polisi, na haipiti ukaguzi wa magari ya biashara.

Kazi haikuishia siku ya kufunga. Gasketi mpya hukaa chini ikipata moto, na nati zinalegea. Guka alituambia tuendeshe gari mpaka ipate moto vizuri, tuiache ipoe kabisa, kisha tukaze tena. Tukarudia baada ya wiki moja. Mara hiyo ya pili nati mbili zilizunguka nusu duara nzima, kwa hivyo si mazoea ya bure.

Kwa kamati za vikundi tuna ombi moja la karatasi. Mkimpa fundi kazi kama hii, andikeni kabla kwamba imekamilika pale usukani unapozunguka mwisho hadi mwisho bila kugusa, gari imejaribiwa mlimani ikiwa na mzigo na kwa rivasi pia, na boneti imefunguliwa baada ya hapo mbele ya dereva. Siku hiyo dereva ndiye atie sahihi, mwenyekiti asubiri. Na mkienda dukani, msitaje injini peke yake. Semeni injini, mwaka wa gari, usukani kulia, na mchukue ile manifodi kuukuu kwa gunia mkailinganishe.

Tukizungumzia hiyo manifodi kuukuu, tulikuwa karibu tuiuze kwa wanaonunua vyuma chakavu. Guka alitukataza. Anasema ufa wake unaweza kuchomelewa kwa rodi za nikeli, ikiwa utatobolewa tundu dogo kila mwisho wa ufa ili usiendelee, manifodi ipashwe moto yote kwanza, kisha ifukiwe kwa majivu makavu ipoe polepole hadi kesho yake. Ikipoa haraka inapasuka mahali pengine. Rodi hizo ni ghali, na si kila mchomeleaji ana mkono wake. Kwa sasa iko chini ya benchi lake hapa Gakindu, imefungwa kwa gunia na jina la kikundi limeandikwa kwa rangi, ikingoja mtu wetu atakayekwenda Nyeri.